Habari za Risasi Iliyotiwa katika Petroli, na Jinsi Ilivyodhuru Ubongo wa Watoto

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

Maneno ya somo hili. Mwalimu wa darasa, tafadhali yaandike ubaoni kabla redio haijafunguliwa, na wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili.

Risasi: madini ya rangi ya kijivu, mazito na laini.
Ubongo: kiungo kilicho ndani ya fuvu la kichwa, ambacho kwacho twafikiri na kukumbuka.
Mishipa ya fahamu: nyuzi zinazopeleka habari kutoka ubongoni kwenda mwilini, na kutoka mwilini kwenda ubongoni.
Mikrogramu: gramu 1 iliyogawanywa katika sehemu milioni 1.
Desilita: sehemu ya 10 ya lita.

SOMO

 

Watu wengi wakisikia neno historia hufikiri habari za wafalme na vita. Lakini vitu vidogo navyo vina historia yake. Leo nitawaelezeni juu ya kitu kidogo sana, vumbi lisiloonekana kwa macho, lililotoka katika mabomba ya moshi ya magari kwa muda wa miaka 98. Vumbi hilo liliingia vifuani mwa watu, likapita katika damu, likafika ubongoni. Watoto ndio walioumia zaidi. Nataka tujiulize swali moja tangu mwanzo hadi mwisho wa somo: je, watu hawakujua? Na kama walijua, kwa nini jambo lenyewe lilichukua miaka mingi namna ile?

1. Risasi ni kitu gani

Neno risasi mwalijua. Wengi hufikiri kwanza ile ya bunduki, nayo imepata jina kutokana na madini yenyewe. Mvuvi huyatumia madini hayo kwa chubwi, ili mshipi wake uzame. Huwamo pia katika betri ya gari. Watu wa kale waliyapenda kwa kuwa huyeyuka upesi katika moto na hupindika kwa urahisi. Warumi waliyatengenezea mabomba ya maji.

Walakini, tangu zamani watu walijua kwamba risasi ni sumu. Mwaka 1786 Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekuwa mpiga chapa katika ujana wake, alimwandikia rafiki yake barua juu ya jambo hilo. Alieleza habari za wapiga chapa waliozoea kupasha moto herufi za risasi, ambao mikono yao ililegea au ikatetemeka. Alisema pia kwamba habari za madhara hayo zilijulikana tangu miaka mingi, na akasikitika kuona jinsi ukweli wenye manufaa unavyoweza kukaa muda mrefu kabla haujakubaliwa na watu. Lishikeni neno hilo, maana tutalikuta tena mbele.

Mwaka 1904 daktari mmoja wa Brisbane, katika Australia, aliyeitwa Lockhart Gibson, alionyesha kwamba watoto wa mji ule waliugua kwa sababu ya rangi yenye risasi iliyopakwa katika baraza za nyumba. Kwa hiyo hata hatari ya risasi kwa watoto ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla ya hadithi yetu ya petroli kuanza.

2. Injini iliyogonga

Sasa twende Marekani, katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Wakati huo magari yalikuwa yameanza kuenea, lakini injini zake zilikuwa na kasoro. Petroli iliwaka vibaya ndani ya injini, na injini ikagonga kama mtu apigaye nyundo. Ninyi mafundi wa magari mwaujua mlio huo. Injini inayogonga hupoteza nguvu, na mwisho huharibika.

Mhandisi mmoja wa kampuni ya General Motors, Bwana Thomas Midgley, alijaribu vitu vingi ili kuuzima mlio huo. Tarehe 9 Desemba 1921 alitia katika petroli dawa yenye risasi, iitwayo kwa kitaalamu tetraethili ya risasi. Injini ikatulia mara moja. Kiasi kidogo tu kilitosha katika galoni nzima.

Haikuwa dawa ya pekee. Ilijulikana kwamba hata spiriti, ile inayotokana na nafaka na miwa, ikichanganywa na petroli huzuia mgongo huo. Lakini spiriti kila mtu aweza kuitengeneza, na hakuna awezaye kusema ni mali yake peke yake. Dawa ya risasi ilikuwa na mwenyewe. Mwezi wa Februari 1923 petroli hiyo mpya ikaanza kuuzwa Dayton. Iliuzwa kwa jina la Ethyl. Neno risasi halikutajwa katika jina lake.

3. Nyumba ya Vipepeo

Hazikupita siku nyingi. Mwaka ule ule wa 1923 Bwana Midgley mwenyewe aliugua kwa sumu ya risasi, ikambidi aende kupumzika Florida.

Mwezi wa Oktoba 1924 msiba mkubwa ukatokea Bayway, katika jimbo la New Jersey, ambako dawa hiyo ilitengenezwa. Watu waliovuta mvuke wake walianza kuona vitu visivyokuwapo. Wengine walipiga kelele, wengine walipigana na hewa, hata ikabidi wafungwe ili wasijiumize. Watano walikufa kwa siku chache, na wenzao zaidi ya 30 wakaugua. Magazeti ya New York yakaiita dawa hiyo gesi ya wazimu. Katika kiwanda kingine cha jimbo hilo hilo wafanyakazi walikuwa na jina lao wenyewe kwa jengo walimofanyia kazi. Waliliita Nyumba ya Vipepeo, kwa sababu waliodhurika mle walionekana wakikamata kwa mikono wadudu ambao hakuna mwingine aliyewaona.

Fikirini, ndugu zangu. Wafanyakazi wale hawakuwa na maabara wala vitabu vya udaktari. Lakini kwa jina lile walikuwa wamekwisha sema ukweli wote: sumu hii inashika kichwa.

Bwana Midgley aliwaita waandishi wa magazeti, akamimina dawa ile mikononi mwake, akaivuta puani mbele yao, ili waamini kwamba haina hatari. Naye alikuwa ameugua kwa dawa hiyo hiyo mwaka mmoja tu kabla.

Hapa mwalimu ataizima redio kwa dakika 5. Zungumzeni: kwa nini mtu aweza kuficha hatari ambayo imemgusa yeye mwenyewe? Kisha tuendelee.

4. Mkutano wa Washington

Tarehe 20 Mei 1925 mkuu wa afya wa Serikali ya Marekani aliitisha mkutano Washington. Wenye viwanda walikuja, na wataalamu wa afya wakaja. Mmoja wa kampuni alisema dawa hii ni zawadi ya Mungu kwa wanadamu, kwa kuwa magari yatatumia mafuta kidogo.

Akasimama Bibi Alice Hamilton, daktari wa magonjwa ya viwandani, mwanamke wa kwanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard. Yeye alikuwa ameingia viwandani kwa miguu yake, akawaona wachimbaji na wapaka rangi waliolegea viungo. Alionya kwamba risasi haiwezi kudhibitiwa ikisha kuenea kila mahali. Mwenzake, Profesa Yandell Henderson wa Chuo Kikuu cha Yale, alionya kwamba hatari kubwa haitakuja kwa kishindo kama ile ya kiwandani, bali itakuja polepole barabarani, na watu hawataitambua.

Basi kamati ikachaguliwa. Ilipima watu wapatao 250 kwa miezi michache, na mwezi wa Januari 1926 ikasema kwamba haioni sababu ya kutosha ya kukataza petroli hiyo. Ikashauri uchunguzi uendelee, kwa kuwa madhara ya miaka mingi hayawezi kuonekana kwa miezi michache.

Uchunguzi uliendelea kweli, lakini sehemu kubwa uliendeshwa kwa fedha za wenye viwanda wenyewe. Daktari wao, Robert Kehoe, alishika jambo hilo kwa muda wa miaka 40. Shauri lake lilikuwa hili: mwenye kusema kwamba risasi inadhuru, alete uthibitisho, asipoleta, tutaendelea kuuza.

Shauri hili lasikika kama la haki. Lakini lipimeni vizuri. Mwenye kuuza hakuambiwa, "Thibitisha kwanza kwamba ni salama." Mwenye kuogopa ndiye aliyeambiwa, "Thibitisha kwamba ni hatari." Na uthibitisho ungepatikana wapi, kama si katika miili ya watu waliokwisha kuivuta? Wahenga wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hapa mawingu yalionekana, na watu wakaambiwa wangoje mpaka walowe.

5. Bwana aliyetafuta umri wa dunia

Baada ya Vita Kuu ya Pili magari yakazidi kwa mamilioni. Kufika miaka ya 1970, karibu petroli yote iliyotengenezwa duniani ilikuwa na risasi.

Ukweli uliletwa na mtu ambaye hakuwa akiutafuta. Clair Patterson, mtaalamu wa mawe, alitaka kujua umri wa dunia. Mwaka 1956 alitoa hesabu yake: miaka bilioni 4.55. Hesabu hiyo ilihitaji kupima chembe chache sana za risasi zilizomo katika mawe yaliyoanguka kutoka angani. Kila alipopima, alikuta risasi nyingi kupita kiasi. Ilikuwa katika vumbi la chumba, katika maji, hata katika nywele zake. Ikambidi ajenge chumba kisafi kuliko vyote ili apate hesabu ya kweli.

Ndipo akajiuliza: risasi hii yote yatoka wapi? Alipima maji ya bahari, akakuta risasi nyingi juu na kidogo chini, maana yake ilikuwa imeanguka kutoka hewani siku za karibuni. Yeye na wenzake wakachimba theluji ya zamani huko Greenland, ambako kila mwaka theluji mpya huifunika ya mwaka uliopita kama kurasa za kitabu. Mwaka 1969 wakaonyesha kwamba risasi katika theluji ya siku zile ilikuwa imeongezeka mara mia kadhaa kuliko ile ya zama za kale.

Kabla ya hapo, mwaka 1965, Patterson alikuwa amekwisha kuandika kwamba kile kilichoitwa kiasi cha kawaida cha risasi katika damu ya watu si cha asili hata kidogo. Wote walikuwa na sumu, kwa hiyo kila mmoja akimlinganisha mwenzake aliona ni sawa. Wenye viwanda hawakufurahi, na fedha alizokuwa akipata za utafiti zikapungua. Hakunyamaza.

6. Namna risasi inavyoudhuru ubongo

Ngojeni kidogo, tuache historia, tuutazame mwili.

Mwili hutumia madini yaitwayo kalisi, ambayo twayapata katika maziwa na dagaa, kwa kujenga mifupa na meno. Kalisi hufanya kazi nyingine pia: husaidia seli moja ya fahamu kuipelekea nyingine habari. Sasa, risasi hufanana na kalisi katika njia zake ndani ya mwili. Ni kama mwizi aliyevaa sare ya askari: mlinzi humfungulia mlango. Risasi hupita ndani ya ubongo, hukaa mahali pa kalisi, na habari kati ya seli huchafuka.

Mtu mzima ubongo wake umekwisha kujengwa. Mtoto mdogo ubongo wake ungali ukijengwa kila siku, na tumbo lake hufyonza risasi mara 4 au 5 kuliko tumbo la mtu mzima. Tena mtoto hutambaa chini penye vumbi na kutia vidole kinywani. Hata aliye tumboni hasalimiki, kwa maana risasi iliyolala katika mifupa ya mama huweza kurudi katika damu yake na kumfikia. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama.

7. Meno ya watoto

Sasa turudi kwenye hadithi yetu. Daktari Herbert Needleman alikuwa na shida: damu huonyesha risasi ya siku za karibuni tu. Angejuaje risasi aliyoivuta mtoto miaka iliyopita? Akakumbuka kwamba meno huihifadhi. Katika miji ya Chelsea na Somerville, karibu na Boston, akawaomba watoto wa shule wampe meno yao ya utotoni yaliyong'oka. Zaidi ya watoto 2,000 walimpa.

Alipima risasi katika meno hayo. Kisha walimu wakaulizwa juu ya tabia za watoto darasani, bila ya kujua yupi ana risasi nyingi na yupi ana kidogo. Matokeo yalitolewa mwaka 1979. Watoto wenye risasi nyingi walipata alama chache katika vipimo vya akili. Walishindwa kutulia na kufuata maagizo. Na kadiri risasi ilivyozidi menoni, ndivyo walimu walivyozidi kulalamika. Watoto hawa hawakuwa wagonjwa. Hawakuona vipepeo. Machoni pa watu walikuwa wazima kabisa.

Hapa ndipo moyo wangu unaposimama, mimi niliye katika kazi ya elimu. Ni watoto wangapi waliosimamishwa mbele ya darasa wakaitwa wavivu? Ni wangapi walioambiwa, "Wewe kichwa kigumu"? Daktari Needleman aliwafuata baadhi yao miaka 11 baadaye, akakuta kwamba wale waliokuwa na risasi nyingi ndio hasa walioacha shule. Yeye naye alishitakiwa kwamba amepotosha hesabu zake. Wakachunguza, wasimkute na udanganyifu.

8. Jinsi risasi ilivyoondolewa

Mwaka 1975 magari mapya ya Marekani yalianza kufungwa chombo cha kusafisha moshi. Risasi huharibu chombo hicho, kwa hiyo ilibidi petroli isiyo na risasi iuzwe. Kati ya mwaka 1976 na 1980 damu za watu zilipimwa, ikaonekana kwamba risasi ilipopungua katika petroli, ilipungua katika damu pia, kama kivuli kinavyomfuata mtu. Mtoto wa Marekani wa miaka 1 hadi 5 wakati ule alikuwa na wastani wa mikrogramu 15 katika kila desilita ya damu. Siku hizi, huko huko, mtoto mwenye mikrogramu 3.5 huhesabiwa kuwa amezidi. Mwaka 1996 Marekani ikakataza kabisa petroli yenye risasi kwa magari ya barabarani.

Na huku kwetu je? Petroli yenye risasi iliendelea kuuzwa Afrika baada ya wengine kuiacha. Mwezi wa Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini ya Sahara walikutana Dakar, wakaazimia kuiondoa. Jambo lililochukua miaka mingi kwingine, wao walilimaliza kwa miaka 4 na nusu: mwisho wa mwaka 2005 nchi hizo, pamoja na zetu za Afrika Mashariki, ziliacha kuitengeneza na kuiagiza. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwezi wa Julai 2021. Tarehe 30 Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, likatangaza kwamba petroli hiyo imekwisha kwa magari ya dunia nzima. Shirika hilo lakadiria kwamba kuiondoa huzuia vifo zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

9. Yatupasa nini sisi

Ndugu zangu, mimi nilikuwa mtoto wa shule wakati petroli hiyo ingali ikiuzwa huku kwetu, na wengi wenu mliivuta hewa ile zaidi yangu. Msivunjike moyo kwa hayo. Hesabu za risasi ni za watu wengi pamoja. Hakuna awezaye kukutazama wewe peke yako akasema imekupunguzia kiasi gani. Nawe uliyeambiwa zamani kwamba huwezi kusoma, leo unasoma ukurasa huu.

Lakini risasi haijatuacha. Owino Uhuru, huko Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani karibu na nyumba za watu kati ya mwaka 2007 na 2014. Bibi Phyllis Omido, aliyefanya kazi pale, mtoto wake aliugua, naye akapaza sauti mpaka kiwanda kikafungwa. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea katika mahakama za juu.

Kwa hiyo msivunje wala kuyeyusha betri uani, wala msichome ganda lake. Rangi ya zamani inayobanduka isikwanguliwe mbele ya watoto. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na wapate maziwa, dagaa, maharagwe na mchicha, maana mwili wenye kalisi na chuma cha kutosha huipokea risasi kidogo.

Tena kuna hili. Akija mtu kijijini au mtaani kwenu na kiwanda kipya au dawa mpya, msikubali kuambiwa, "Thibitisheni kwamba ni hatari." Mwulizeni yeye kwanza: "Umethibitishaje kwamba ni salama, na nani alipima?" Wafanyakazi wa Nyumba ya Vipepeo walijua mwaka 1924. Bibi Hamilton alisema mwaka 1925. Kama wangeulizwa wao, historia hii ingekuwa fupi sana.

Maswali ya mazungumzo darasani

1. Kwa nini wafanyakazi waliliita jengo lao Nyumba ya Vipepeo?
2. Kwa nini risasi huwadhuru watoto kuliko watu wazima?
3. Meno ya watoto yalimsaidiaje Daktari Needleman?
4. Tangu mwaka 1923 hadi 2021 ni miaka mingapi? Fanyeni hesabu katika madaftari.
5. Je, karibu nanyi kuna mahali ambapo betri huvunjwa au huyeyushwa? Nani anapaswa kuarifiwa?

Somo letu limekwisha. Kwaherini, na kazi njema.